Biskuti za Pole

Tangu tumzike mume wangu, hakuna mteja aliyeingia saluni kwangu mikono mitupu. Anakuja kusukwa, ananipa pole, halafu anamfungulia mwanangu pakiti ya biskuti. Watu hawajui la kumwambia mtoto aliyefiwa na baba, basi wanamtia kitu mdomoni. Mimi nilikuwa natazama tu. Mikono inasuka, macho yanaona, moyo haupo.

Mtoto ana miaka miwili na ushei. Wateja walimpa jina la Bosi kwa sababu kutwa yuko kwenye kiti cha plastiki karibu na draya, miguu inaning'inia, anasubiri kuletewa. Chakula cha nyumbani hataki hata kukinusa. Ukimsogezea kijiko anageukia ukutani. Kucheza alishasahau, akitembea kutoka kitini mpaka mlangoni, anakaa chini anahema.

Mama mkwe ndiye aliyetuandikisha kwenye mafunzo ya lishe ya familia pale kliniki, kila Jumamosi, mtoto na watu wake wa nyumbani. La moyoni mwake aliniambia wazi tukiwa tunaosha vyombo.

"Mwanangu, mafunzo yakiisha na mume wangu bado hali, namchukua akakae kwangu. Sikuonei. Ila wewe siku hizi upo upo tu."

Huyo mume wake ni Bosi, mjukuu wake, bibi na utani wake. Nikamjibu, "Sawa, mama." Mtu anakwambia anakuchukulia mwana, nawe unaendelea kusuuza sufuria! Nilingoja uchungu uje. Haukuja.

Afisa lishe alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye raba nyeupe. Tulimwita Mama Karoti, maana hakumaliza sentensi bila kuitaja. Siku ya kwanza alipanga maboksi matupu yakawa handaki, akatuamuru wakubwa tupite kwanza, watoto wafuate. Mama mkwe alipita na goti lake bovu, kitenge kikanasa nyuma, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na mimi nilipita, kama mtu anayetafuta kijiko uvunguni. Bosi alichungulia, akakaa kitako.

Jumamosi zikaenda. Bosi akaanza kuusukuma mpira, kisha kuukimbiza, akaanguka, akainuka mwenyewe. Saluni nikawaambia wateja pole ziendelee, biskuti basi. Kuna walionuna, na wanune. Lakini kula, ng'o! Bora alie na njaa yake kuliko kugusa kiazi.

Jumamosi ya mwisho mama mkwe alikuja na begi la nguo za mtoto, limeshafungwa. Aliliweka karibu na mlango bila kuficha. Nililiona, nikatazama pembeni.

Wakati wa kula tulikaa mkekani. Viazi vitamu vya kuchemsha, mboga za majani, parachichi. Mama mkwe alikuwa anambembeleza mtoto, kijiko mdomoni pake: "Fungua mlango, gari ipite. Haya, mume wangu, gari hiyo!" Mlango ukafungwa kabisa. Mama Karoti akaja akachuchumaa mbele yetu, akatutazama kitambo.

"Sahani ya mama iko wapi?"

"Mimi nimeshiba."

"Umekula nini leo?"

Nikafikiri. "Chai."

"Na jana?"

Mama mkwe akanijibia. "Huyu hali, dada yangu. Kila nikija kwake anapakua, anatuandalia, halafu anazunguka jikoni. Nikimuuliza anasema ameonja onja huko huko. Tangu msiba ni hivyo."

"Basi mtoto hamwoni mama yake akila," Mama Karoti alisema, na safari hii hakutaja karoti. "Anachojua, chakula ni kitu ambacho watu wanamsukumia. Shika sahani hii, mama. Usimbembeleze, usimtazame. Kula chako."

Nikaweka kiazi mdomoni. Kilikuwa kama pamba. Nikatafuna kwa sababu nimeambiwa nitafune, nikameza, nikachukua kingine. Bosi akageuka. Akayapita magoti ya bibi yake, akaja akasimama mbele yangu na kuniwekea kiganja shavuni, pale taya linapocheza. Akakiacha hapo mpaka nilipomeza. Halafu akachukua kipande kwenye sahani yangu, akakigeuza, akakiuma.

"Kala!" Mama mkwe alijipiga paja. "Jamani, mume wangu kala!" Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, kisha sauti ikashuka. "Lakini tusijidanganye, mwanangu. Kipande kimoja sicho chakula. Jioni niende naye, kama tulivyosema."

"Haendi."

Nilisema mdomo umejaa, vipande vikaruka mpaka kwenye mkeka. Mama mkwe akaniangalia kama mtu aliyesikia sauti kwenye nyumba aliyodhani imehamwa.

"Haendi, mama. Mwanangu haendi popote."

Hapo kitu kikaniuma, chini ya mbavu, kikali. Sikukitambua mara moja. Nilidhani ni ugonjwa. Nikashika tumbo, na machozi ambayo makaburini hayakutoka yakaanza kunidondokea kwenye sahani.

"Nini, mwanangu? Unaumwa?"

"Nina njaa, mama," nikamwambia. "Nina njaa sana."

Akanisogezea sahani yake.