Gumba la Beryl Tustain

Saa moja na dakika ishirini asubuhi Beryl Tustain aliweka kidole gumba kwenye mashine ya getini, mashine ikawasha taa nyekundu, na mlinzi Ogbourne akatoka kibandani na kikombe chake cha chai kuja kumfungulia kwa gumba lake yeye.

"Bado haikujui tu?"

"Itanijuaje, na mimi sina cha kuionyesha?"

"Ungekuwa mwizi, mama, ungetajirika."

"Ningekuwa mwizi nisingeamka saa hizi. Asante, Ogbourne."

Alimshukuru hivyo kila asubuhi tangu mashine ilipowekwa getini, mwaka na ushee sasa. Miaka thelathini na mmoja ya kupiga msasa ilikuwa imekula michirizi yote ya vidole vyake, vikabaki laini kama mgongo wa kijiko. Ofisi ya wafanyakazi ilimshauri aombe kadi. Fomu ya kadi ilitaka alama ya gumba.

Kiwanda kiko nje ya Towcester, mashamba ya ngano yamekizunguka, na kinaunda magari ya mbio za Formula. Kazi ya Beryl ilikuwa mfano wa gari, ule unaozidi nusu ya gari lenyewe kidogo tu, maana sheria haziruhusu zaidi. Mfano huo huning'inizwa katika handaki la upepo, feni kubwa kama nyumba inavuma, na mizani inasema upepo umeligandamiza gari chini kwa kiasi gani. Gari lisilogandamizwa huteleza kwenye kona. Kila kitu wanachokihangaikia watu wa kiwanda kile, kuanzia bawa la mbele hadi sakafu ya gari, ni hicho tu.

Mwezi wa pili ulishuka mchoro wa ukingo mpya wa sakafu. Beryl aliuunda kama ulivyochorwa, akapitisha gumba, akahisi pahali panapokwaruza, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Puti, ule udongo wa kuzibia, ilikuwa bado laini. Akabonyeza mara moja. Pakabaki kishimo kidogo ambacho hakikuwamo kwenye mchoro.

"Umeharibu," alisema Gethin Pugh, Mwelsh aliyeendesha handaki.

"Washa feni kwanza, ndipo ulalamike."

Aliwasha. Mizani ilionyesha kwamba gari kamili lingegandamizwa kwa kilo kumi na moja zaidi. Gethin akaizima feni, akaiwasha tena, mizani ikasema vilevile. Mchana Dakta Prideaux, mkuu wa wataalamu wa upepo, aliteremka, akakipima kishimo, akakichora. Kila mchoro una kisanduku pembeni, kilichoandikwa "Mbunifu". Humo akaandika jina lake.

Ukingo ukafungwa kwenye gari lenyewe, na timu ya kiwanda, iliyokuwa ya tisa katika mbio, ikawa ya tano. Magazeti yakauita ukingo wa Prideaux. Beryl alipewa boksi la chokoleti, akaligawa karakana nzima. Aliomba jambo moja tu: jina lake liandikwe kisandukuni, chini ya lile la Dakta.

"Tutaliangalia, Beryl," alisema Prideaux, na alikuwa mtu wa adabu, alisema hivyo kila alipoulizwa.

Mwezi wa sita waliupaka mfano rangi ya kijani iliyochanganywa na mafuta ya taa. Upepo huiburura rangi hiyo kabla haijakauka, na mistari inayobaki huonyesha ulikopita. Gethin alipozima feni, mistari ilikuwa imenyooka vizuri hadi kwenye kishimo. Hapo ilijizungusha, mviringo ndani ya mviringo, ikawa alama ya gumba, kubwa kama sahani ya chakula. Kovu lilikatiza katikati kwa mshazari.

"Wembe wa mwaka tisini na nane," alisema Beryl. "Nilishonwa nyuzi nne."

"Kwa hiyo ni lako," alisema Gethin.

"La nani tena?"

Prideaux aliinama, akalitazama gumba lake, akalitazama lile la kijani. "Si langu," alisema.

"Hakuna aliyekusingizia, bwana mkubwa," alisema Gethin.

Waliosha, wakapaka upya. Mara ya pili ilitoka safi zaidi, hata vitundu vya jasho vilionekana. Saa za handaki zina kikomo kwa sheria, hawakuweza kukaa wakiliangalia. Taarifa ya siku hiyo ilisema: "Alama ya kidole, ukingo wa kulia. Haipunguzi mgandamizo."

Wenzake walipokwenda kunywa chai Beryl alibaki na kitambaa cha kufutia. Hakuwa ameiona michirizi yake kwa miaka mingi, na alikuwa amesahau kwamba inaelekea kushoto, kama ya mama yake. Aligeukia kinywa cha feni.

"Asante sana," alisema. "Nilidhani imepotea."

Kisha akafuta, maana ndiyo kazi.

Safari hii ombi lake alilipeleka ofisini kwa maandishi, pamoja na picha. Walimjibu kwa heshima. Kampuni haikuwa na kumbukumbu yoyote ya alama ya kidole ya Bi. Tustain, jambo ambalo mashine ya getini ilithibitisha kila siku ya kazi, kwa hiyo haikuwezekana kujua alama ile ni ya nani. Jina la kisandukuni lingebaki lilivyo.

"Basi niende nikaungoje upepo unitolee ushahidi?" alimwuliza Gethin.

"Umeshautoa, Beryl. Hawa ndio hawasomi."

Mwezi wa saba, kwenye mbio za Silverstone, gari lilitoka na rangi ya kijani ubavuni, na wapiga picha wa timu nyingine walilipiga picha zaidi ya mia. Kufikia mwezi wa tisa timu zote zilikuwa zimeuiga ukingo, na kila gari lililopakwa rangi, liwe la Waitaliano au la nani, lilirudi na gumba lenye kovu. Wataalamu wa huko waliandika kwenye taarifa zao kwamba hiyo ni alama ya Prideaux, na kwamba ni ya kawaida.

Mwezi wa kumi Prideaux aliteremka karakana na mchoro wa gari la mwakani. Alimfungulia Beryl kopo la puti yeye mwenyewe, akamshikia na taa.

"Ukiona panafaa, Beryl, tafadhali."

Kisanduku cha mbunifu kilikuwa kimeshajazwa jina la Prideaux, kwa wino, herufi nzuri.

Beryl aliusoma mchoro mpaka mwisho. Alipitisha gumba ukingoni taratibu, akarudi nyuma kidogo, akabonyeza.

"Asante," alisema Prideaux.

"Haya," alisema Beryl. "Sogea sasa, bwana, unaziba njia ya upepo."