Jina Chini ya Gundi

Asubuhi hiyo Msasa alifika karakana na chupa ya chai kwapani na funguo mdomoni, maana mkono mmoja ulibeba beseni la karatasi za msasa alizoziosha jana, na wa pili ulishika sketi isiburute topeni. Ubao wa kupandia mawimbi wa mwenye duka la miwani ulikuwa umeegemea mlango. Ulikuwa umelowa chepechepe, ukidondosha maji ya chumvi kizingitini, na kamba yake ya kufunga mguuni ilikuwa imekokota nyasi na kipande cha gazeti. Msasa aliujua, kwa sababu alikuwa ameumaliza juzijuzi tu. Akausogeza kwa goti, akafungua, akauingiza ndani usije ukamwangukia mtu, kisha akamimina chai.

Hakuimaliza. Mwenye duka la miwani alitokea akiwa pekupeku, kaptula inachuruzika.

"Fundi yuko wapi?"

"Amelala bado."

"Ubao wenu umeniacha."

"Umekuacha wapi?"

"Majini, dada. Nimesimama juu yake vizuri kabisa, wimbi limenichukua, mara ukanitoka miguuni ukaja zako huku. Nimeuita, hausikii."

"Uliupaka nta, miguu isiteleze?"

"Niliupaka."

Msasa akautoa nje. "Basi uchukue tena. Labda haujazoea."

Mwenye duka aliubeba ubao kichwani akashuka nao kwa hasira, kama mtu ambaye mbuzi wake amerudi kwa aliyemuuzia.

Jina la Msasa alipewa na kaka yake walipokuwa wadogo, enzi za marehemu baba yao, yeye akitumwa kusugua kile ambacho wengine wamekwishachonga. Jina lake la kuzaliwa lilikuwepo, ila lilikaa kama sahani za wageni, kabatini. Kaka yake aliitwa Fundi, na wapanda mawimbi wa ufukwe mzima walimjua hivyo.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Lilikuja bonge refu la povu gumu, jeupe, lenye ubapa mwembamba wa mti katikati, ndio uti wake wa mgongo. Msasa alichora umbo, akakata kwa msumeno, akaanza kuteremsha randa. Madirisha ya karakana yalikuwa yamepakwa rangi nyeusi, na taa ndefu zilifungwa ukutani usawa wa kiuno, huku na huku, kwa sababu mwanga wa kutoka juu huficha mabonde, na wa ubavuni huyaanika yote. Alichonga katikati ya vivuli, unga mweupe umemjaa nyusi kama mwoka mikate. Mwisho kabisa alizima hata hizo taa, akapitisha viganja gizani kutoka puani mwa ubao hadi mkiani. Jicho linapenda kusifu, alisema. Kiganja hakijui kusifu.

Huku akichonga alikuwa akijisemea peke yake. "Sitengenezi ubao. Naiondolea bahari kile isichokitaka." Na kabla ya kuufunika ubao kwa kitambaa na gundi, aliacha kijibonde chini ya mkia, upande wa kushoto, upana wa dole gumba lake. Ubao uliolingana pande zote, kwa maoni yake, haukuwa na pa kuyashikia maji. Ungeteleza tu kama sabuni bafuni.

Maneno hayo yalipenya ukutani yakamfikia Fundi, ambaye alikaa nje kwenye benchi na wateja. Baada ya muda si mrefu yalirudi ndani kwa sauti ya Fundi.

"Mimi sitengenezi ubao," Fundi aliwaambia wateja, akipunga mkono polepole. "Mimi naiondolea bahari kile isichokitaka."

Wateja waliyapokea kwa heshima. Mmoja aliwahi kutoa machozi.

Kazi moja tu Fundi alijibakizia, nayo ni penseli. Ubao ukishakuwa tayari kwa kufunikwa, aliitwa, akaingia akipangusa mikono ambayo haikuwa na vumbi, akaandika jina lake kando ya uti kwa mwandiko wa kupinda. Hapo Msasa alitandaza kitambaa cha nyuzi za kioo, akamwaga gundi juu yake, akaisambaza haraka kabla haijashika. Gundi ikikauka, jina limebaki chini yake kama mdudu ndani ya barafu. Halifutiki tena.

Msasa aliwahi kuomba. Ulikuwa ubao mrefu, wenye pua nyembamba, na yeye mwenyewe alijua kwamba hajawahi kuchonga mzuri kama ule.

"Kaka, huu niandike mimi."

Fundi alicheka, tena bila ubaya. "Nani atapanda mawimbi juu ya Msasa? Si atachubuka matako?"

Mama yao, aliyekuwa mlangoni akipepeta mchele, hakuinua kichwa. "Kitu cha kukanyagwa na wanaume, mwanangu, wewe unataka jina lako humo la nini?"

Msasa akatandaza kitambaa. Hata hivyo, tangu siku hiyo, kila Fundi alipoandika, yeye alitazama ncha ya penseli ilivyotembea, na mkono wake wa kulia ulijikunja wenyewe mfukoni.

Baada ya ule wa mwenye duka la miwani ulirudi wa mwalimu wa kuogelea, kisha wa mapacha, kisha mbao zikawa zinarudi kwa makundi. Zilitoka majini zenyewe, zikapanda barabara kwa ubavu, mapezi ya chini ya mkia yakikwaruza lami. Zilipisha magari. Mbele ya duka la dawa zilijipanga mstari mmoja, kwa sababu njia pale ni nyembamba, na fundi cherehani aliinua tu miguu zipite. Zikifika karakana ziliegemea mlango na kusubiri. Msasa alipotoka alizigusa moja moja, zikaacha kutikisika. Hapo ndipo wenyewe waliweza kuzichukua.

Mbao za zamani, zile alizochonga Fundi mwenyewe kabla mgongo haujaanza kumuuma, hazikurudi hata moja. Zilikuwa nzito, zimenyooka kama meza, na zilibaki pale zilipowekwa. Mji mzima uliona zipi zinarudi na zipi hazirudi, tena zinarudi kwa nani. Watu walitazamana, wakaendelea na shughuli zao.

"Ubao mzuri hukumbuka nyumbani," Fundi aliwaambia wateja kwenye benchi. Wakalikubali hilo pia.

Kinyozi alinunua wa kwake akiwa amejifunza kusimama juzi tu. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mtu wa kumnyoa mteja huku akimsimulia aibu za mteja aliyetoka. Msasa alimchongea ubao mpana kifuani, wa kumsamehe makosa. Alipokuja kuuchukua aliupapasa chini ya mkia, kidole chake kikaingia kwenye kile kijibonde.

"Fundi kasahau kujaza hapa," alisema.

"Hajasahau," Msasa akajibu.

Kinyozi alimtazama, akatazama unga kwenye nyusi zake, akatabasamu. "Haya, mpe salamu huyo ambaye hajasahau."

Ni mtu pekee aliyewahi kusema hivyo.

Ubao wake ulirudi mchana mmoja, watu wakiwa mezani. Kamba ya mguuni ilikuwa imekatika. Msasa aliugusa, ukatulia, akaufuta chumvi kwa kitambaa, akausimamisha pembeni mwenyewe aje auchukue. Alimwekea na embe. Jua likazama hajaja. Kesho yake wavuvi wa pweza waliukuta mwili wa kinyozi kwenye miamba. Ubao ulikuwa umemwacha mbali, mahali ambapo mtu aliyejifunza juzi hawezi kurudi kwa kuogelea mwenyewe.

Baada ya mazishi, mama wa kinyozi alifika uani na kaka zake, wajomba wa marehemu. Hakulia. Alisimama mbele ya benchi.

"Nimekuja kumwona aliyeuchonga."

Fundi alitazama viatu vyake mwenyewe. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kuongea na wateja, "Ule aliuchonga dada yangu."

Mjomba mmoja aliugeuza ubao. "Mbona hapa limeandikwa jina lako?"

"Jina ni la karakana. Mkono ni wake. Mbao zote ni mkono wake yeye, muulizeni mama."

"Ni kweli," mama yao akasema kutoka mlangoni. "Huyu kaka yake hajashika randa miaka. Mgongo."

Msasa alikuwa amesimama ndani, nyuma ya mlango, unga hadi kwenye kope. Maneno hayo alikuwa ameyasubiri tangu ujana wake. Aliyasikia yote, yametamkwa mbele za watu, bila kukosewa hata moja, na moyo wake ukafurahi kabla hajauzuia. Furaha hiyo hakumweleza mtu maishani mwake.

Mama wa kinyozi aliingia, akaushika mkono wake wa kulia, akaufungua kiganja. "Ulimfanyia nini mwanangu?"

"Nilimchongea ubao mzuri, mama."

Yule mama aliutazama mkono ule mbele na nyuma, akauachia, kama mtu anavyomrudisha mezani samaki aliyeoza. "Basi jina liwe lake," akamwambia Fundi. "Nitaondoka nao ukiwa na jina lake."

Fundi akamgeukia dada yake. "Sugua hilo langu."

Ukawekwa mezani. Msasa aliwasha taa za ubavuni, akachukua msasa mkali, akasugua gundi, akasugua kitambaa, mpaka akafika kwenye povu na jina la kaka yake likawa vumbi. Akapuliza. Fundi akanoa penseli kwa kisu. Aliandika polepole, jina la kuzaliwa la dada yake, lote, kwa mwandiko mzuri kuliko aliowahi kuutumia kwa lake. Msasa akakata kiraka cha kitambaa, akamwaga gundi, akaisawazisha kama alivyozoea. Wote walisubiri ikauke. Mama yao aliwapa wajomba maji ya kunywa.

Mama wa kinyozi aliutundika ubao ule ukutani mwa nyumba yake, kwa nje, mkia juu, jina likitazama barabara. Kuanzia hapo jina likatoka kabatini. Watoto wa shule walilisoma wakipita, walimu wakawasahihisha herufi. Wanawake sokoni walilitamka wakivuta watoto karibu. Hakuna aliyemwita tena Msasa, isipokuwa nyumbani.

Wa kwanza kuliona lile jambo jingine alikuwa mama yao. Alilisema wakila, akitoa mfupa mdomoni.

"Ule wa marehemu hauendi popote. Napita pale kila siku. Wenzake wote wanapanda barabara, wenyewe unaning'inia tu, umetulia."

Fundi akaacha kutafuna. Hakuwa mjinga. "Kumbe ni penseli tu," akasema.

"Ni penseli," mama yake akakubali.

Nje, ubao wa mmoja wa mapacha ulikuwa ukigonga mlango taratibu.

"Andika jina langu, kaka," Msasa akasema. "Kwenye zote. Zitakaa na wenyewe. Hatakufa mwingine."

Fundi alimtazama kwa huruma, na huruma ilikuwa ya kweli. "Jina lako wanalijua sasa, Msasa. Ni jina la aliyemuua kinyozi. Nani atanunua ubao wenye jina hilo?"

"Hilo hata mimi siwezi kumshauri mtu," mama yao akasema, akamwongezea Fundi mchuzi.

Dawa ilipatikana kwa njia nyingine. Kwa kuwa mbao zilimfuata yeye, ikaonekana jambo la akili ni yeye kukaa mahali zinapopaswa kuishia. Fundi alinunua kiti cha plastiki, chenye mikono, cheupe. Asubuhi Msasa alichonga kama kawaida. Jua likipanda walimshusha ufukweni, wakamweka mchangani ukingoni mwa maji. Maji yakijaa walimsogeza nyuma, yakitoka walimsogeza mbele. Mama alimshonea kofia. Siku za kwanza alijaribu kuinuka kwenda msalani na mbao zote zikakata kona baharini, watu wakaanguka. Tangu hapo walimfunga kiunoni kwa kamba laini, ile ile ya kufungia mbao mguuni, ili asisahau.

Na kweli hakufa mwingine. Mbao zilikuja kwake juu ya wimbi, zimenyooka, zimeinua pua, na aliyekuwa juu ya ubao alihitaji kusimama tu. Hata wasiojua walionekana wanajua. Watu walikuja kutoka miji mingine. Waliketi kwenye benchi la Fundi, naye aliwaeleza kwamba siri ni kijibonde kimoja chini ya mkia, upana wa dole gumba, na aliwaonyesha dole gumba lake.

Alasiri moja ulikuja ubao mpya, umempakia msichana wa mjini mwenye nywele fupi. Uliteleza mpaka mchangani ukalaza pua yake juu ya miguu ya Msasa. Yeye akainama kadiri kamba ilivyomruhusu, akaugusa, ukatulia. Akaugeuza kuangalia kama mapezi yamepata jeraha. Kando ya uti, chini ya gundi, jina la kaka yake lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wa kupinda. Alilipangusa mchanga kwa kiganja, likang'aa.

Msichana alikuwa akihema na kucheka. "Sijawahi kupanda kitu kama hiki. Wewe ni nani kwa Fundi?"

"Dada yake."

"Mwambie ana mikono ya ajabu."

"Nitamwambia."

Msichana akauchukua ubao akarudi majini. Jioni walipokuja kumfungua, Msasa akamwambia kaka yake maneno hayo, yote, kama yalivyosemwa. Fundi akashukuru, akakibeba kiti.