Ng'ombe Ndani ya Kadi

Bwana Indravadan alizipanga kadi tatu juu ya kioo cha kaunta kama mtu anayegawa karata, akaficha mikono mgongoni, akaniangalia.

"Chagua, Omosa. Lakini usiniulize ipi ni nzuri. Nikikwambia ile ya bei, utatoka hapo nje useme Mhindi amekuibia."

"Mimi siulizi," nilimjibu. "Mimi ni mpiga picha."

"Ndiyo, mpiga picha. Basi piga moyo konde, uchague."

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa nane, mwaka wa tisini na tisa. Katika mji wote wa Kisii sikumjua mpiga picha mwingine mwenye kamera isiyotumia filamu. Kaka yangu aliyeko Amerika ndiye aliyeniletea, na tangu siku hiyo nilitembea katikati ya barabara kama mwenye barabara. Wenzangu waliobaki na filamu zao walinisalimu kwa meno, si kwa moyo. Mimi nilifurahi hivyo hivyo.

Nilichukua kadi ya kwanza, nyembamba kama kipande cha biskuti, nikaisukuma kwenye kamera. Ikakataa.

"Hiyo si yako," alisema Harsh, mwana wa Bwana Indravadan, kutoka nyuma ya pazia alikokaa na kompyuta. Hata hakuinua kichwa. "Kamera yako inakula kadi nene."

Zikabaki mbili nene. Moja ilikuwa ya megabaiti nane, sawa na ile iliyokuja na kamera. Nyingine ilikuwa ya thelathini na mbili, na kwa bei yake ningenunua mbuzi wawili na kamba zao.

"Ile iliyokuja na kamera imeharibika?" aliuliza Bwana Indravadan.

"Imejaa. Ina picha kumi na nane za kwa Nyasani, siku wazee walipokwenda kukagua ng'ombe wake wa mahari."

"Nyasani ameshapewa picha zake?"

"Wiki iliyopita."

"Sasa kadi unanunulia nini?" Alishangaa kweli, na mfanyabiashara akishangaa namna hiyo ujue anakuonea huruma. "Hii si filamu, kijana. Bonyeza hapa, futa, anza upya. Hata nisikuuzie kitu leo. Nenda nyumbani."

"Sifuti kazi yangu."

"Kazi gani? Ng'ombe wa watu!"

"Hata kama ni ng'ombe wa watu. Nikiandika shairi silichani kwa sababu limeshasomwa."

Bwana Indravadan alimgeukia mwanawe. "Harsh, umesikia? Leo tumemuuzia Shaaban wa shamba la ndizi."

"Baba, muuzie kubwa," alisema Harsh. "Nitamhamishia picha za zamani huko, zikae zote pamoja."

Nikachagua kubwa. Nasema nilichagua, kwa sababu baadaye watu walitaka kusema ni Wahindi walionisukuma. Hakuna aliyenisukuma. Mzee wa watu aliniambia nifute, nami nikakataa kwa kinywa changu.

Na nilikuwa na sababu yangu. Jumapili ile wazee wetu wangepanda milima ya Gesima kukagua ng'ombe wa mahari ya dada yangu Nyanchoka. Nyanchoka alikuwa na miaka ishirini na tisa, mwalimu wa watoto wadogo hapo Birongo. Wanaume wawili walikuwa wamekuja kabla ya Ogari, mchumba wake wa sasa. Wa kwanza alishindwana na baba juu ya idadi. Wa pili alikubaliana naye vizuri, akaondoka, akaenda kuoa huko Nyamira. Pale sokoni wanawake walikuwa wameanza kumwita dada yangu "shangazi wa wote." Ogari alikuwa wa tatu, na kila mtu nyumbani alijua, bila mtu kusema, kwamba wa nne hayupo. Nilitaka siku hiyo ipigwe picha zote, kila ng'ombe, kila mzee, hata mbwa wa kina Ogari.

Jumapili tulipanda pikapu, watu wanane. Baba alikaa mbele na dereva. Mimi nilikaa nyuma na baba mdogo, Ondieki, aliyekuwa msemaji wetu. Nyanchoka alibaki nyumbani kama ilivyo desturi, akipika na shangazi. Tulipoondoka alinirekebisha kola ya shati.

"Omosa," aliniambia, "leo upige picha tu. Mdomo uache kwenye kabati."

"Mimi tena?"

"Wewe tena."

Kwa kina Ogari tulipokelewa vizuri mno. Ng'ombe sita walikuwa wamefungwa kwenye uwanja ulio kando ya shamba la majani chai, wameogeshwa mpaka wanang'aa. Ogari mwenyewe alisimama karibu nao na koti lake la kuazima, jasho likimtoka ijapokuwa kulikuwa na baridi ya Gesima. Nikadhani ni furaha.

Wazee wetu wakapita ng'ombe mmoja mmoja. Baba aligusa nundu, akatazama meno, akapiga mgongo kwa kiganja. Baba mdogo akauliza yupi amezaa mara ngapi. Mimi nilizunguka nikipiga. Nilipofika kwa ng'ombe wa nne, mwekundu mwenye baka jeupe begani, akanigeuzia uso. Pembe yake ya kushoto ilikuwa imepinda ikashuka mpaka inakaribia kugusa jicho. Sikio la upande huo lilikuwa limepasuka kama jani la mgomba.

Kidole changu kikasimama juu ya kitufe.

Nilimjua. Nilimjua kama ninavyojua mlango wa nyumba yetu. Niliwahi kupiga magoti kwenye matope mbele yake kwa sababu niliipenda ile pembe.

Nikarudi nyuma ya mti, nikawasha kioo cha kamera, nikabonyeza kurudi nyuma. Ogari. Baba. Pikapu. Halafu zikaanza picha za kwa Nyasani, moja baada ya nyingine, na ya saba alikuwa yeye. Pembe ile ile, sikio lile lile, baka jeupe lile lile, amefungwa kwenye uwanja wa mtu mwingine, kilima kingine, wiki tatu zilizopita, akihesabiwa kuwa ng'ombe wa Nyasani. Nikabonyeza tena. Na yule mweusi asiye na mkia mzima alikuwepo. Na mtamba wa kijivu. Watatu kati ya sita!

Niliona wanawake wa sokoni. Nilimwona dada yangu akipika kwa ajili ya sherehe ya ng'ombe wa uongo. Sikukumbuka kabati wala mdomo.

"Tata!" nilimwita baba kwa sauti iliyowatoa kuku uwanjani. "Simameni! Hawa ng'ombe si wao! Wameazimwa!"

Kila mtu aligeuka. Hata mama yake Ogari, aliyekuwa akitoka na kibuyu cha maziwa, alisimama na mguu mmoja mlangoni.

Niliwapelekea wazee kamera. Niliipitisha mbele ya macho ya kila mmoja, wetu na wao, watu kumi na wanne, nikiwaonyesha pembe kwenye kioo na pembe kwenye kichwa. "Tazameni! Huyu hapa kwa Nyasani. Huyu hapa leo. Kamera haidanganyi!"

Nilimtazama Ogari nikingoja akane. Hakukana. Alivua lile koti polepole, akalikunja, akaliweka juu ya nyasi.

"Ni wa mzee Nyangau, anayewaazima watu ng'ombe," alisema. "Watatu ni wa Nyangau. Watatu ni wangu."

Baba mdogo Ondieki aliokota kofia yake, akaipangusa ingawa haikuwa na vumbi.

"Tumesikia," alisema. "Twendeni."

Na tukaondoka na njaa zetu, chakula chao kikibaki kinatoa moshi.

Nyuma ya pikapu nilikaa nimenyoosha kifua. Nilingoja sifa. Tulipita kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwishowe nikasema, "Baba mdogo, mngedanganywa mchana kweupe."

Ondieki alinigeukia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kuzika.

"Wewe unadhani mimi ni kipofu?"

"Sijasema—"

"Yule ng'ombe wa pembe nimemkagua mara nne mwaka huu. Mara nne, Omosa! Baba yako amemkagua mara mbili. Alipompiga mgongo leo alikuwa anamsalimu."

Niliitazama kamera mapajani.

"Kijana hana ng'ombe sita. Nani ana ng'ombe sita siku hizi, na mashamba yamekuwa kama leso? Anaonyesha sita ili wazee wasiaibike kurudi na hesabu ya watatu. Watatu wanakuja mara moja. Wengine analeta polepole, bonasi ya chai ikitoka, mwaka huu mmoja, mwaka ujao mmoja. Sisi tunaona, tunanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi tuliyopanda gari kuifanya."

"Na mimi ningejuaje?"

"Kwani uliuliza? Ulipiga kelele. Jambo likishasemwa mbele ya watu wa pande mbili, hatuwezi kukaa tena tukala. Tungekula tungekuwa tumeuza msichana wetu kwa ng'ombe wa Nyangau." Akatema mate nje ya gari. "Hata mama yako, Mungu amrehemu. Mmoja wa ng'ombe wa mahari yake nilimrudisha mimi kwa mwenye mali jioni ile ile ya ukaguzi. Nilikuwa na umri wako. Mimi nilinyamaza."

Nilishika ubao wa pikapu kwa mikono yote miwili. Barabara ilikuwa nzuri sehemu ile.

Nyanchoka alikuwa amesimama uani tulipofika. Aliona tumerudi mapema. Aliona baba akipita bila kumtazama, akaingia ndani. Hakumuuliza mtu yeyote ila mimi.

"Nani alisema?"

Nikajikaza. Bado nilikuwa na kipande cha kujitetea. "Dada, walikuwa wanakudharau. Wameazima ng'ombe kwa—"

"Kwa Nyangau. Ninajua ni kwa Nyangau! Watoto wake nawafundisha mimi. Mimi ndiye niliyekwenda kumwomba, kwa magoti haya." Alijipiga magoti kwa viganja. "Ogari alikuwa hataki. Alisema ni afadhali aonyeshe watatu wake, baba akatae, yaishe. Nikamwambia wewe vaa koti, usimame."

Nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya kisima kichwani.

"Nionyeshe," alisema.

Nikawasha kamera. Alimtazama Ogari kwenye kioo, na koti lake, na jasho lake. Nilidhani atalia. Akacheka kidogo, kicheko kibaya.

"Nizifute?" niliuliza. Mimi, niliyekataa kufuta ng'ombe wa watu dukani, sasa kidole changu kilikuwa tayari.

"Ufute nini? Macho ya watu kumi na wanne utayafuta kwa kitufe gani? Haya, mpiga picha. Ogari umemfukuza. Utanioa wewe?"

Shangazi akafunika mdomo. Nyanchoka aliingia ndani, akatoka na mfuko wa nguo na viatu vyake vya kazini miguuni. Kila mtu pale uani alielewa. Msichana akienda mwenyewe, bila ng'ombe hata mmoja kutangulia, wakwe humpokea, lakini siku zote kuna mtu wa kumkumbusha kwamba alikuja kwa miguu yake.

Baba alitokea mlangoni. Nilitazamia amzuie. Alimtazama binti yake akivuka ua, akatazama mfuko, halafu akanitazama mimi.

"Mfuate," alisema.

"Nimrudishe?"

"Umpeleke. Asiende peke yake kama mwizi. Na ukifika kwa watu wale useme uliona vibaya. Useme ng'ombe walikuwa wao."

"Tata, picha ninazo! Wameziona kwa macho yao!"

"Hilo ni lako. Ulitafuta la kusema, nimekupa la kusema."

Nilimkuta dada barabarani, karibu na kituo cha kununulia chai, akingoja gari la kwenda juu. Nilisimama hatua tano kutoka kwake. Nikanyoosha mkono nipokee mfuko. Akauhamishia bega la pili.

"Baba amekutuma useme nini?"

"Kwamba niliona vibaya."

"Sema nisikie."

"Niliona vibaya," nilisema. Nilisema chini chini. Sikuwa nimewahi kusema maneno hayo kwa mtu yeyote, mwalimu wala mchungaji.

"Hivyo ndivyo ulivyosema asubuhi? Kwa kunong'ona?"

"Nyanchoka, tafadhali. Kuna watu."

"Asubuhi pia kulikuwa na watu. Sema kwa sauti ile ile."

Shambani juu yetu wanawake walikuwa wakichuma majani, vikapu mgongoni. Nilijaza hewa kifuani.

"Niliona vibaya!" nilipiga kelele. "Ng'ombe walikuwa wao! Wote sita!"

Wachuma chai waliinua vichwa kwa pamoja. Nyanchoka aliwatazama, akanitazama, kisha akaniangushia mfuko miguuni, nikauokota.