Likizo za Mlingoti

Fundi cherehani alikuwa akitia zipu kwenye sketi ya kijivu mwanawe alipoingia. Kijana aliinamisha kichwa mlangoni, akasimama kati ya meza ya kupigia pasi na dirisha. Alikuwa mrefu kiasi kwamba mtaa mzima ulimwita Mlingoti, na majirani walipotaka kubadilishiwa balbu hawakuhangaika kutafuta ngazi.

"Baba, nimejiandikisha."

"Wapi?"

"Jeshini."

Fundi hakuinua uso. Aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi, akageuza sketi, akaona kwamba zipu ameishona ndani nje. Akachukua wembe, akaanza kufumua.

"Mama yako anajua?"

"Nimeanzia kwako."

"Basi kamwambie. Mimi sijasikia kitu."

Mama yake alikuwa mkunga wa zahanati. Kijana alimkuta jikoni, viatu vya kazi bado viko miguuni. Fundi, huku chumba cha kushonea, alisikia bomba likifunguliwa, maji yakamwagika muda mrefu, kisha likafungwa. Akamsikia mkewe akiuliza kama huko wanagawa viatu au mtu anakwenda na vyake.

Baada ya kijana kuondoka, fundi aliishi na mambo mawili kifuani ambayo hayakuelewana. Mteja akimuuliza habari za Mlingoti, alijibu, "Yuko jeshini," na mabega yakainuka yenyewe. Mteja akishatoka, alikaa chini, akasahau alichokuwa anashona. Vita vilikuwa mbali, mpakani. Redio ilisema vinakwenda vizuri, na vilikuwa vikienda vizuri kwa miaka sasa.

Kijana alipokuja likizo ya kwanza, lori la jeshi lilimshusha kona ya mtaa, akaingia nyumbani bila kuinama. Fundi alidhani labda fremu ya mlango imepanda. Mkewe alimsimamisha mtoto ukutani, akamtazama juu mpaka chini kama anavyowatazama wajawazito wanaodanganya umri.

"Umepungua," alisema.

"Mazoezi, mama."

Lakini mazoezi hayarudishi chunusi usoni. Kijana alikuwa kama alivyokuwa alipoanza kunyoa ndevu, au siku chache kabla. Fundi alimpunguzia suruali na mikono ya koti. Kijana alikula, akalala, akaeleza kidogo kuhusu daraja walilolilinda wakalipoteza, na likizo ilipokwisha akapanda lori.

Likizo ya pili sauti yake ilikuwa imerudi nyembamba. Alisema "wenzangu watatu hawapo tena" kwa sauti ileile aliyoitumia zamani kuomba ruhusa ya kwenda kucheza mpira, na mama yake akasimama ghafla kwenda kuangalia kama mlango wa nyuma umefungwa. Buti zilimpwaya. Fundi alizijaza matambara kwenye vidole. Ilibidi sare nzima aikate upya, na vipande vilivyobaki vilitosha kutengeneza foronya.

Hakuwa peke yake. Wakati huo wazazi wengine walikuwa wakija dukani na sare zilizokunjwa ndani ya mifuko. Waliziweka mezani, wakaonyesha kwa kiganja kimo cha mtoto kutoka sakafuni, wakauliza zitakuwa tayari lini. Hakuna aliyeuliza lingine. Mwenye duka la vioo alileta sare ya binti yake, koplo, akaonyesha kimo cha kiunoni mwake mwenyewe.

"Ana hamu sana ya kurudi," alisema. "Kuna cheo wamemwahidi."

Hapo fundi alifunga duka, akaenda kambini. Sajini aliyempokea getini alikuwa mtu mwenye adabu. Alimpa kiti na maji ya kunywa.

"Mwanangu anarudi mtoto," fundi alisema.

"Wote wanarudi hivyo, mzee wangu. Wale wanaorudi."

"Sasa mnampelekaje mtoto vitani?"

Sajini alifikiri kwanza, kwa sababu swali lilikuwa la haki. "Mkataba wake ni wa miaka," alisema, "si wa sentimita. Na kwa kweli ni askari mzuri. Anapita mahali ambapo mtu mzima hapiti."

Fundi alimaliza maji, akashukuru, akarudi nyumbani kwa miguu ingawa alikuwa na nauli.

Likizo ya tatu Mlingoti alishushwa lorini kwa kubebwa. Alikuwa na pengo la meno ya mbele, na kofia ilimfunika mpaka puani. Alimpigia baba yake saluti, kisha akaomba apelekwe chooni. Mchana alizungumza kama askari: mahandaki yamejaa maji, kamanda mpya hajui kusoma ramani. Akisinzia alinyonya kidole. Mama yake alimwogesha kwenye beseni, akakuta kovu refu mgongoni, limepona vizuri, limeshonwa na mtu aliyekuwa na haraka.

"Nani alikushona hivi?" fundi aliuliza. Mshono ule ulimuudhi kuliko alivyoweza kueleza.

"Rafiki yangu. Sindano ilikuwa moja."

Asubuhi ya siku ya lori, fundi alimvika mtoto kaptura ya kawaida na shati la maua alilolishona kwa vipande, akampandisha mabegani. Dada yake fundi aliishi mji mwingine, nyuma ya kiwanda cha sabuni, mahali ambapo askari hawakuwa na sababu ya kupita. Mkewe alifunga chakula kwenye mfuko. Fundi alipita njia za uchochoroni kuelekea stendi ya mabasi. Uzito ule mabegani aliukumbuka wote, visigino vikimgonga kifuani, mikono imeshika masikio yake. Alijisikia mwepesi, akakaribia kuimba.

"Baba, tunakwenda wapi?"

"Kwa shangazi."

Walipoanza kusikia honi za mabasi, mtoto alimvuta masikio.

"Nishushe, baba."

"Tunakaribia."

"Ukinificha watakufunga wewe, na mimi watanichukua tu. Tena kikosi chetu tumebaki wachache. Nisipokwenda, lindo langu atapewa mwingine ambaye hajalala." Alisema haya yote kwa kithembe cha mtu asiye na meno ya mbele. "Nishushe, tafadhali."

Fundi alisimama katikati ya njia. Mtu mwenye mkokoteni alimwomba apishe. Alimshusha mtoto taratibu, akabaki ameinama, kwa sababu mgongo ulikataa kunyooka. Mtoto alimshika kidole kimoja, kile chenye sugu ya sindano, akamwongoza kurudi nyumbani. Lori lilikuwa linangoja, injini inanguruma, yule sajini wa kambini kando yake. Mama alimvika sare barazani. Kifungo cha mwisho kilimshinda. Sajini akapiga goti, akakifunga yeye.

Mara ya nne sajini mwenyewe alimleta, amemfunga kwenye blanketi la jeshi, hati ya likizo imebanwa kifuani kwa pini. Mtoto hakuweza tena kueleza mambo ya vita. Alitazama dari, na mlango ukijibamiza alitetemeka mwili mzima bila kulia. Mkunga, ambaye nywele zake zilikuwa nyeupe, aliamka asubuhi akakuta gauni limelowa maziwa. Alimnyonyesha. Fundi alishona sare ndogo kuliko zote alizowahi kushona, mifuko akaiacha ikiwa ya mapambo, na mbele ya koti akaweka nafasi ya medali, maana walikuwa wamempa medali. Alipomaliza aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akaenda uani kupasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Siku ya likizo ya tano, lori lilipita bila kusimama. Fundi alibaki barazani mpaka vumbi likatua. Alijua wazazi ambao malori yaliwapita, naye alikuwa amewashonea nguo za msiba. Aliingia ndani akamkuta mkewe amekaa kwenye kigoda, sahani yenye povu la sabuni mkononi, mkono mwingine tumboni.

"Amefika," alisema.

"Una uhakika?"

"Kazi yangu ni nini, baba watoto?" Alichukua mkono wa mumewe akauweka mahali. "Huyu ndiye. Hata kabla hajazaliwa alikuwa anapiga upande huu huu."

Zilikuwa siku nzuri kuliko zote. Mkunga alilala sana, akala ndimu na chumvi. Fundi alimkanda miguu na kuzungumza na tumbo, akalieleza tumbo habari za mtaa: nani kahama, nani kajenga, paka wa jirani kazaa wangapi. Wakati fulani alifikiri kwamba sasa hawamwezi. Pale alipo hakuna mkono unaofika.

Sajini alipokuja alivua kofia.

"Likizo yake imekwisha," alisema.

"Yumo humu," fundi alisema, na akasimama mbele ya mkewe.

"Najua, mzee wangu. Itabidi mama aje naye."

Fundi hakusogea. Sajini naye hakumsukuma. Alisubiri tu, kofia mkononi, na askari wawili wakasubiri nyuma yake. Mkunga alipita kando ya mumewe. Aliuliza kama barabara ni mbovu. Sajini alikiri ni mbovu, akasema angemkalisha mbele, karibu na dereva. Mkunga akamwambia mumewe atoe mto, achukue na lile koti pana, na asisahau kwamba chakula kiko jikoni, kimefunikwa. Fundi alifanya yote. Alimshika mkewe kiwiko akipanda lori, akamrekebishia mto mgongoni.

"Kula kingali moto," mkewe alisema.

Alikula kingali moto, amesimama, sufuria mkononi.

Kesho yake alifungua duka, kwa kuwa kulikuwa na kazi za watu. Aliingia mama mmoja ambaye hakuwahi kumwona, na binti aliyevaa sare mpya ya jeshi iliyomzidi kila upande. Binti alikuwa anatabasamu, anajitazama kwenye kioo kwa ubavu.

"Amechukuliwa wiki hii," mama alisema. "Hatujalala kwa furaha, fundi. Na kwa hofu pia, siwezi kukuficha. Tafadhali umpunguzie, ila chini umwachie pindo kubwa. Bado anarefuka huyu."

Fundi alipiga magoti na pini mdomoni. Alimwambia binti asimame wima, avute pumzi, asicheke. Alipima mguu wa kushoto, akapima wa kulia.

"Pindo halitahitajika," alisema, akachukua mkasi.