Vyungu Vilivyofukiwa kwa Jovina

Ulipita. Usiniambie hukuona. Baiskeli yako ilipunguza mwendo pale kwenye bustani ya Jovina, ukageuzia uso wako migombani, ukakanyaga pedali. Nilikuwepo.

Basi nikusimulie ulichokikwepa.

Kiangazi hiki huku Nemba hakikuacha hata jani la boga. Kisima cha bondeni kinatoa tope. Bomba la mradi nalikumbuka vizuri: lilizinduliwa kwa ngoma na pilau, leo linafungiwa mbuzi. Hakuna aliyewahi kuuliza bomba lile limelogwa na nani.

Jovina ni mjane. Yeye na binti yake Adventina wanakula kutoka kwenye kibustani kile cha nyanya na mchicha, basi. Aliona ndoo ikimwagwa juu ya udongo, jua likiyanywa maji kabla ya mizizi. Akatoa vyungu vya marehemu mama mkwe wake, vile vya pombe ya ndizi, akavifukia katikati ya mashina, midomo juu. Akajaza maji, akafunika kwa mawe bapa, akatandaza majani makavu ya migomba. Chungu cha udongo hutoa jasho polepole, na mzizi hulifuata. Bustani za jirani zikakauka. Yake ikatoa maua, kisha nyanya changa.

Hapo maneno yakaanza. Asubuhi moja Wiston, jirani yake wa mpakani, akaja na jembe, watu nyuma yake.

"Mama Adventina, umezika nini humu?"

"Maji, shemeji."

"Maji?" Danstan, mcheshi wa kijiji, akadakia kutoka nyuma. "Yamefariki lini? Mbona hukututangazia msiba?"

Watu wakaangua kicheko. Wiston hakucheka.

"Vyungu vya marehemu, tena vimefunikwa, na kwako tu ndiko kunastawi. Mvua yetu umeifungia humo?"

"Inua jiwe uone mwenyewe. Chovya mkono."

Hakuna aliyethubutu kuchovya. Jembe likashuka. Wakavunja vyote, wakapekua vigae wakitafuta hirizi, huku maji yakizama chini ya miguu yao.

"Kumbe maji kweli," Danstan akasema. Utani ulikuwa umemwisha.

"Dawa ameshaihamisha," Wiston akamjibu, akalifuta jembe lake kwenye mchicha.

Wakaondoka. Hakuna aliyesema pole.

Unajua tuhuma hiyo ya uchawi imewafikisha wapi wanawake wa kanda hii. Mimi nawakumbuka. Wewe je?

Jana nilimkuta Jovina ameketi kando ya mashina yaliyonyauka. Nikamwambia tufukie tena, hata chupa tu.

"Nikifukia kitu tena, kaka, watanifukia mimi."

Adventina alikuwa akichuma nyanya za kijani, ngumu kama mawe, wazipike kabla hazijasinyaa. Hakunisalimu. Angenisalimia nini, nilikuja mikono mitupu.

Mashina yale hayajafa, lakini hayatangoja. Jovina peke yake hathubutu. Tukifukia sote, Wiston atamwita nani mchawi?

Kwa hiyo simama. Chukua chungu. Huna? Chukua chupa ya plastiki, toboa kizibo kwa sindano, kata kitako, ifukie kichwa chini karibu na shina, ijaze. Anza kwako, mchana kweupe, Wiston aone. Kisha leta ndoo na chungu kingine kwa Jovina, ukifukie wewe kwa mikono yako, jina lako litajwe pamoja na lake.

Usiniambie kesho. Shuka kwenye hiyo baiskeli.