Alhamisi ya Kufukia Shoka

Kwa miaka thelathini na miwili hakuna mtu katika jimbo letu aliyejaza petroli bila kulisoma jina la Everett Messick. Lilikuwa kwenye kila pampu, kwenye mizani ya kila bucha, kwenye mizani ya malori kule viwandani: kibandiko cha kijani, saini yake, na chini yake maneno "Kipimo Halali". Alikuwa Kamishna wa Vipimo. Wengi wetu hatukujua kazi yake ni ipi hasa, ila kila baada ya miaka minne tulilikuta jina lile kwenye karatasi ya kura, tukaona huyu tunamfahamu, tukamtia alama. Mara nane hivyo hivyo. Wapinzani walikuja na suti zao na hasira zao, wakarudi walikotoka.

Mara ya tisa ilimtoa jasho. Jumanne alishinda kwa kura mia tatu na kumi na mbili, na Alhamisi ikabidi apande gari la farasi pamoja na mwanamke aliyembwaga.

Kwetu ndiyo desturi. Siku mbili baada ya kura, kila mshindi na mpinzani wake hupanda gari moja lisilo na paa, mshindi akitazama mbele na mshindwa akitazama nyuma, magoti yanakaribia kugusana, wakazungushwa mjini mpaka mbele ya mahakama. Hapo wenyeviti wa vyama viwili hushika shoka moja na kulifukia kwenye sanduku la mchanga, ishara kwamba ugomvi umekwisha. Washindi husimama mmoja mmoja na kuwamwagia sifa wapinzani wao, kisha watu hupanga foleni wale mkate na nyama ya ng'ombe iliyochomwa tangu jana yake, bure, uwe wa chama chochote. Siku hiyo hakuna kumsema mtu vibaya. Ukiwa na lako moyoni, subiri Ijumaa.

Safari zile nane Everett alizifurahia kwelikweli. Hii ya tisa alitamani mvua inyeshe, farasi agome, chochote kile. Mbele yake alikaa Nadine Truitt katika koti la buluu, mikono mapajani, na Everett hakujua aweke macho yake wapi.

Nadine alikuwa mkaguzi wake kwa miaka kumi na tisa. Katika wakaguzi wote ndiye aliyekuwa hapindishwi. Miaka mitano iliyopita aliipima mizani ya malori kwenye kiwanda cha kuku, akakuta inapunja, kila lori linasoma pungufu, na wafugaji wanalipwa kwa uzito huo huo. Akaifunga kwa lebo nyekundu. Mchana huo mwenye kiwanda akampigia simu Everett, rafiki yake wa kuwinda bata. Everett akaenda mwenyewe kwa gari lake, akaibandua lebo nyekundu kwa kucha zake, akabandika ya kijani. Fomu aliijaza kwa mkono wake, na penye jina la mkaguzi akaandika Nadine Truitt, kwa kuwa eneo lilikuwa la Nadine. Nadine alipogundua hakupiga kelele. Aliweka funguo za gari la ofisi juu ya meza na kuondoka, na wafugaji waliendelea kupunjwa kwa miaka miwili zaidi, mpaka magazeti yalipoibua ule uozo.

Yote hayo Everett angeweza kuishi nayo, na aliishi nayo. Lakini mwaka huu Nadine akajitosa kugombea kiti chake, na kufika Septemba alikuwa anaongoza. Vijana wa kampeni wakachimbua makabrasha, wakaikuta ile fomu. Wakamuuliza Everett kama ni kweli huyu mama ndiye aliyeipitisha mizani ya kuku. Everett aliitazama ile fomu, akautazama mwandiko wake mwenyewe, akasema, "Jina si lipo hapo?"

Hakusema zaidi ya hapo, na hakuhitaji. Wiki iliyofuata kila nyumba ilipata kipeperushi chenye fomu ile, jina la Nadine limezungushiwa duara jekundu. Nadine akasema redioni kwamba mwandiko si wake. Everett naye akaenda redioni, akasema kwa upole inamsikitisha kuona mfanyakazi wake wa zamani anawasukumia wengine makosa yake. Alilisema vizuri sana. Mkewe Lois alikuwa jikoni akisikiliza, na Everett aliporudi nyumbani alimkuta amezima redio na hakumuuliza kitu.

Gari likaanza kutembea. Watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili za barabara, na Everett akapunga mkono kama alivyozoea.

"Umekonda," Nadine alisema.

Everett akajibu kwamba kampeni ilikuwa ndefu. Nadine akakubali kwamba ilikuwa ndefu. Akampungia mkono bibi mmoja aliyekaa kwenye kiti cha kukunja kando ya barabara, na yule bibi akageuka kutafuta kitu ndani ya mkoba wake.

"Umemwona? Yule alinifundisha Biblia nikiwa mtoto." Nadine alikuwa bado anatabasamu, kwa ajili ya watu. "Sikiliza, Kamishna. Sikuja kulilia kura. Kura umepata, ofisi hiyo, kaa nayo mpaka uchoke. Lakini Harlan hajapokea simu yangu tangu Oktoba."

Harlan alikuwa kaka yake. Alikuwa na mabanda manne ya kuku, na malori yake yote yalipita juu ya mizani ile.

"Kaka yangu wa tumbo moja anaamini nilijua nikanyamaza. Nilikwenda kwake na mkate wa mahindi, akaniongelesha kupitia wavu wa mlango. Hakuufungua."

"Nadine, mambo ya kampeni, unajua mwenyewe..."

"Usiniletee mambo ya kampeni. Mwandiko ni wako. Ukimwacha rafiki yako wa kiwandani, tunaojua ni wawili tu, na mimi nikisema naambiwa natapatapa kwa kuwa nimeshindwa." Alimwinamia kidogo, goti lake likamgusa, na Everett akalivuta la kwake. "Leo unapewa kipaza sauti. Sema nani aliipitisha. Sitaki jingine, na sitakusumbua tena maisha yangu yote."

Everett alitazama viatu vyake. Aliona aibu iliyomshika mpaka masikioni, aibu ya kukamatwa na mtu anayekusihi badala ya kukutukana. Angemtukana ingekuwa nafuu. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja, jina lake liko kwenye kila pampu ya petroli kuanzia baharini hadi mpakani, na pale kwenye kiti cha ngozi alijiona mdogo kama kidonge cha piritoni.

"Nitasema," akamwambia.

Na alikusudia kweli. Hilo lazima tukiri. Waliposhuka mbele ya mahakama, shoka likafukiwa, watu wakacheka mwenyekiti mmoja alipopigwa na mchanga machoni, na washindi wakaanza kuitwa. Seneta akasema mpinzani wake ni simba. Mweka hazina akasema angependa watoto wake wawe kama mpinzani wake, ambaye mwezi uliopita alimwita mwizi. Watu walipiga makofi kwa kila mmoja. Walijua kabisa kwamba ni kilemba cha ukoka, na ndicho walichokuja kukisikia.

Everett alipoitwa alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alimwona Harlan Truitt katikati ya umati, mrefu, kofia ya kiwanda cha mbegu kichwani, mkate wa nyama mkononi.

"Nataka kusema jambo kuhusu Nadine," akaanza. Akakohoa. "Ile fomu ya mizani ya kuku. Nadine hakuipitisha. Aliifunga ile mizani. Niliyeifungua ni mimi. Mwandiko ule ni wangu."

Akasikia farasi wakipumua nyuma yake. Akangoja jiwe, akangoja mtu wa magazeti apaze sauti, akangoja Harlan auangushe ule mkate.

Mama mmoja wa mbele akaweka mkono kifuani. Mtu akapiga makofi, wa pili akafuata, mara uwanja mzima ukalipuka. Watu walikuwa wakitazamana na kutikisa vichwa kwa jinsi walivyoguswa. Nyuma yake mwenyekiti wa chama akamshika bega na kumnong'oneza, "Umewamaliza, Everett. Kujitwisha lawama ya mpinzani! Miaka yote hii sijaona mtu aliyefanya hivi."

Ndipo alipoelewa. Walidhani anampamba. Walidhani ni adabu ya Alhamisi, mzee muungwana anajipaka matope ili mwanamke aliyeshindwa aende nyumbani na heshima yake.

Dakika yake ilikuwa haijaisha. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi, kimewaka. Maneno aliyahitaji matatu tu: nasema kweli jamani. Aliyahisi kabisa kwenye ulimi. Na katika kuyahisi alihisi pia kitu kingine, ahueni, ahueni tamu ya mtu aliyekuwa anakwenda kunyongwa akaambiwa arudi nyumbani. Akajichukia kwa ule utamu. Akainua mkono, akawapungia watu, akarudisha kipaza sauti.

Tangu ndani ya gari alikuwa anajua, ukweli ni huo. Sehemu fulani ndani yake ilijua hii ni siku gani, na kwamba ukweli ukisemwa siku hii hauna meno. Ndiyo maana alikubali haraka vile.

Nadine alikuwa amesimama kando ya ngazi. Hakulia wala hakukasirika. Alimtazama tu, kama alivyokuwa akiitazama mizani, akingoja mshale utulie.

"Ungerudia," alisema polepole. "Walipopiga makofi. Ungerudia mara moja tu."

Harlan alikuwa ameshawafikia, anapangusa mafuta ya nyama kwa leso, macho mekundu. Hakumtazama dada yake kwanza. Alimshika Everett mkono na kuutikisa kwa nguvu, akamwambia hakumpigia kura na sasa anajuta. Kisha akamgeukia Nadine.

"Haya, dada. Yaishe." Akaitia leso mfukoni. "Kama yeye uliyemharibia jina la ofisi kakubebea lawama mbele ya watu wote hawa, mimi ni nani niendelee kununa? Ulikosea, basi. Kila mtu hukosea. Jumapili njoo nyumbani, tule pamoja."

Nadine akamtazama kaka yake. Everett aliona jinsi jibu lilivyopanda kooni mwake likafika mpaka kwenye meno. Aliona pia anavyoutazama mkono wa Harlan uliokuwa umemfungukia, mkono mkubwa wenye makovu ya kuku, ambao haukuwa umemgusa tangu Oktoba. Akalimeza jibu.

"Nitakuja," akasema.

"Ila mshukuru mzee wa watu," Harlan akamwambia kwa upole, akimsukuma kidogo begani. "Si vizuri kuondoka hivi hivi."

Watu waliokuwa karibu walikuwa wakitabasamu. Nadine akanyoosha mkono.

"Asante, Kamishna."

Kiganja chake kilikuwa baridi. Everett alikishika, na kabla hajafikiri, ulimi wake ukatoa jibu ambalo amelitoa kwa watu kwa miaka thelathini na miwili.

"Ni wajibu wangu, mama," akasema.