Nyumba Sitini na Tatu za Misima

Saa tano na nusu asubuhi Mwaija, mwandikishaji wa kijiji cha Misima, alimpigia simu Shirin, akapitia salamu zote bila kuruka hata moja, ndipo akasema ile programu imejifunga yenyewe na majina hayaonekani. Shirin, aliyeitengeneza nyuma ya duka la baba yake mjini Korogwe, alifungua kompyuta papo hapo. Siku tatu mama wa watu amezunguka Misima kwa miguu, akiandikisha kaya sitini na tatu za kupata mahindi ya msaada. Orodha ilikuwa inafungwa saa sita.

Hakuchelewa kuliona kosa, maana lilikuwa lake. Misima huulizi watu idadi ya watoto kabla ya kujuliana hali, kwa hiyo aliweka ukurasa wa salamu wenye picha na sauti ya bibi mmoja wa Kizigua, akajiona ana adabu kweli kweli. Lakini kwa kila nyumba, badala ya kurudi kwenye ukurasa uleule, programu ilifungua mpya juu ya wa zamani, na wa zamani haukufungwa. Kurasa zikalundikana kama sahani chafu hadi simu ndogo ya Mwaija ikashindwa kubeba. Na majina? Mwerevu wetu aliyaacha humohumo kwenye kurasa, yatumwe pamoja mtandao ukipatikana. Majaribio alifanya kwa nyumba tatu tu, tena kwa simu yake ya bei mbaya.

Kurekebisha kulichukua dakika nne, lakini majina yalikuwa yameshapotea. Alitamani kulia.

"Mama, nitajie unaowakumbuka. Jina, umri, na watoto wote."

Mwaija akataja, Shirin akaandika mbio. Waliokumbukwa bila watoto wao, fomu iliwakataa. Ilipobaki dakika moja, kaya zilikuwa kumi na moja. Akatuma.

"Zimefika, mama. Angalau hizo."

"Hebu nisomee."

Alisoma. Mwinjuma, Mbwana, Awadhi... Kwenye jina la tano Mwaija akamkatiza.

"Mwanangu, hao wote ni ndugu zangu. Ndio ninaowajua mpaka watoto. Zifute."

Shirin alibonyeza, akabonyeza tena. Orodha ilikuwa imeshafungwa.

"Haikubali, mama. Nisamehe."

Kwenye simu ilisikika sauti ya mwanamume akipiga hodi kwa Mwaija, akiuliza kama jina lake limeshakwenda.